Ukurasa Alioruka Mwalimu

Mwaka 2009, masika yakiwa yamechelewa na watu wakipanda kwa kubahatisha, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, niliketi kwenye dawati la shule kwa mara ya kwanza tangu nilipoachishwa masomo nikiwa darasa la nne. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Aprili, saa tisa alasiri, katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi ya kijiji chetu, kata ya Kwaluguru, wilayani Handeni. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili. Yule aliyesimama mbele yetu siku hiyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa.

Sitamtaja kwa jina. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mwalimu, hata na walimu wenzake. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, kwa sababu hayo anayajua binti yake, na mimi naandika ninayoyajua mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mabega membamba, na jicho lake la kushoto lilikuwa limezoea kufumba. Kabla ya ualimu aliwahi kufanya kazi kwa miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Ngombezi, karibu na Korogwe. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mistari. Mkonge hupandwa kwa safu ndefu zilizonyooka, na lazima awepo mtu wa kusimama mwanzoni mwa safu, kufumba jicho moja, na kuwaelekeza kwa mkono wanaochomeka vijiti: kulia kidogo, kulia, basi. Aliifanya kazi hiyo hadi jicho likakubali kufumba lenyewe. Alipozungumza nawe, ulihisi kama anaangalia kama umesimama sawasawa.

Hakuanza somo kwa kusimama mbele na kungoja tumwamkie. Alipita dawati kwa dawati. Walio wadogo kwake aliwasalimu kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Walio wakubwa aliwapa shikamoo. Katika darasa letu alikuwamo Bibi Mwanaidi, aliyekuwa amepita miaka sabini na ambaye alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, ili asife bila kujua kilichoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki.

“Shikamoo, bibi,” Mwalimu alimwambia.

“Marahaba, baba. Leo usinikaripie, mgongo umenisumbua.”

“Siwezi kukukaripia, bibi, nimeshakuamkia.”

“Ndiyo nilichotaka kusikia,” Bibi Mwanaidi akajibu, akafungua daftari.

Kwa miaka yote niliyosoma kwake, wengine wakiingia na wengine wakiacha, sikumwona akivunja utaratibu huo hata siku moja.

Alitufundisha kusoma, kuandika na hesabu za kila namna, lakini sote tulijua moyo wake ulikuwa kwenye pembe na pembetatu. Somo la pembe alilianza kwa kuleta jembe. Aliliweka juu ya meza, akatuonyesha pale bapa linapokutana na mpini, akasema kwamba uwazi ule kati ya viwili hivyo ndio pembe, na kwamba uwazi huo hupimwa kwa nyuzi kama vile urefu unavyopimwa kwa mita. Pembe ndogo kuliko ile ya kona ya daftari inaitwa pembe kali. Iliyo kubwa kuliko hiyo inaitwa pembe butu. Ile ya kona ya daftari yenyewe, nyuzi tisini, ni pembe mraba.

Jirani yangu Mama Saidi akanyoosha mkono. “Mwalimu, basi jembe la mume wangu ni butu. Limefunguka kama mlango. Ndiyo maana akilima anapapasa tu.”

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. “Lilete kesho, mama.”

Mama Saidi akalileta kweli. Mwalimu akaweka kipimapembe, akafumba jicho, akasoma: “Nyuzi mia moja na tano. Mwambie alipeleke kwa fundi. Kosa si lake, ni la jembe.” Wiki iliyofuata mwenye jembe mwenyewe alikuja mlangoni akiuliza kwa sauti ni nani aliyepima jembe lake bila idhini. Mwalimu alitoka nje, akaongea naye kwa muda mrefu, na mwezi uliofuata yule bwana akawa mwanafunzi wa kumi na nne.

Kauli yake kubwa ilikuwa swali. Ukimwambia jambo, lolote lile, kwamba mistari hii miwili ni sambamba, au kwamba mvua ya mwaka huu ni haba kuliko ya mwaka jana, alikuuliza: “Unaona, au umepima?” Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu anayekupa kiti. Ukijibu kwamba unaona tu, alisema: “Haya, basi tupime,” na kazi ikaanza.

Siku aliyotufundisha kwamba pembe tatu za pembetatu yoyote zikijumlishwa hufanya mstari ulionyooka, nyuzi mia moja na themanini, hakuandika chochote ubaoni. Alitugawia karatasi zilizofungia sukari dukani, akatuambia kila mtu akate pembetatu ya umbo analolipenda, achane kona zake tatu, kisha azipange zikigusana kwa ncha. Ya kwangu ilikuwa nzuri, nikapata mstari. Ya Mama Saidi ilikuwa kubwa, naye akapata mstari. Ya Bibi Mwanaidi ilitoka nyembamba na ndefu mithili ya mundu, kwa sababu mkono ulimtetemeka.

“Yangu imeharibika, baba. Nipe karatasi nyingine.”

“Ipange hiyo hiyo, bibi.”

Aliipanga. Kona zake zilikaa sawasawa kama zetu. Aliitazama kwa muda, akauliza: “Hata mbaya namna hii?”

“Hata hiyo, bibi. Hakuna pembetatu inayokataa.”

Bibi Mwanaidi alivikusanya vipande vile vitatu, akavifunga kwenye pindo la kanga yake, na sikuona kama alivirudisha.

Jambo jingine: hakufuta kosa la mwanafunzi. Ukienda ubaoni ukachora vibaya, alichora kilicho sahihi pembeni, akaviacha vyote viwili hadi mwisho wa kipindi. Alisema mtu akifutiwa kosa lake haraka hubaki na aibu bila kubaki na somo. Siku moja niliacha ubaoni pembetatu ambayo pembe zake, kwa hesabu yangu, zilifikia nyuzi mia mbili na kumi. Ilikaa pale alasiri nzima, nami nikiitazama. Sijawahi kukosea tena kujumlisha pembe.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, kama kila mtu. Mtu huyu aliyetutaka tuchore mstari kwa rula hata tunapotenganisha tarehe na kichwa cha somo aliishi katika nyumba ya kupanga ambayo mlango wake ulikuwa umelala upande, na hakuwahi kuurekebisha; aliinamisha tu kichwa kuufuata. Alitusisitizia muda na hakuwa na saa. Na kubwa kuliko yote: mbele yetu alikuwa na sauti iliyofika hadi uwanjani, lakini mbele ya wazee wa kijiji sauti hiyo ilipotea. Mzee yeyote akiingia darasani, hata kuomba chaki ya kuandikia gunia, Mwalimu alisimama kando, mikono nyuma, na kila aliloambiwa alijibu “Ndiyo, mzee.” Sisi wanafunzi tulifasiri kwamba ni adabu ya watu wa milimani, kwa kuwa alikuwa amefundisha Mpale, upande wa Korogwe, kabla ya kuja kwetu, na lafudhi yake ilikuwa ya Kishambaa. Ilinichukua miaka kumi kujua kwamba haikuwa adabu peke yake.

Hapa sina budi kueleza habari za shamba.

Baba mkwe wangu alikuwa na shamba la pembetatu. Upande mmoja, yaani kitako chake, ulilala kando ya barabara. Pande mbili nyingine zilipanda taratibu hadi zikakutana kwenye ncha, karibu na korongo. Kila upande kati ya hizo mbili ulikuwa na hatua mia mbili. Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2008, akiwa bado hai na mwenye nguvu, aliamua kuwagawia wanawe wawili, mume wangu na mdogo wake, nusu kwa nusu. Wazee walifanya kama ilivyozoeleka kwetu: walihesabu hatua. Walitembea kutoka barabarani hatua mia upande huu, wakachomeka kijiti. Hatua mia upande ule, wakachomeka kijiti. Kamba ikavutwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kando ya kamba ikapandwa safu ya mikonge iwe mpaka. Sehemu ya chini, ya barabarani, ikawa ya shemeji. Sehemu ya juu, yenye ncha, ikawa ya mume wangu. Hatua mia kwa hatua mia. Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tukipika wali wa wazee, na habari nilizipata kwa kusimuliwa: kwamba mgawo umekwenda vizuri, na kwamba kamba ilishikwa na yule mwalimu mgeni aliyehamia mwezi Agosti, mtu hodari wa kunyoosha mstari.

Miaka iliyofuata tulisifiwa sana, mume wangu na mimi. Tulimaliza kulima kwa siku nne wakati shemeji na mkewe walichukua siku kumi na mbili, na watu walisema ndoa yetu ina baraka ya kazi. Mavuno yetu yalipokuwa haba, lawama waliibeba ngedere wa korongoni.

Sasa nirudi kwa Mwalimu. Alikuwa na kitabu kimoja cha jiometri, kilichochakaa na kushonwa upya kwa uzi wa mkonge, nacho alikifuata ukurasa kwa ukurasa. Hata ukurasa wa dibaji alitusomea. Hakuruka kitu, isipokuwa mara moja. Tulipofika sura ya pembetatu zinazofanana, mwaka 2011, alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akasema: “Huu tutaurudia.” Hatukuurudia.

Mwezi Septemba 2012, nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nilikiazima kwake kitabu hicho. Nikaufungua ule ukurasa. Ulikuwa na mchoro mmoja: pembetatu iliyokatwa na mstari unaounganisha katikati ya upande huu na katikati ya upande ule, sambamba na kitako. Chini yake swali: sehemu ya juu ni kiasi gani cha pembetatu nzima? Nilichora, nikapima, nikajibu: robo. Kitako cha ile ndogo ni nusu ya kitako cha ile kubwa, na kimo chake pia ni nusu, na nusu ya nusu ni robo. Niliandika jibu nikafurahi kwamba nimepata. Ndipo nikatazama tena mchoro, nikaona barabara, nikaona korongo, nikaona mikonge.

Nilimpelekea mume wangu daftari. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku za darasa langu yeye ndiye aliyechota maji, na hakuona haya kupita na ndoo mbele ya wenzake. Aliutazama mchoro hadi mwisho.

“Una hakika?”

“Nimepima.”

Akanirudishia daftari. Kisha akasema: “Baba aligawa kwa mkono wake, na sasa hayupo. Mdogo wangu hakuiba. Mke wangu, niache nilime robo yangu kwa amani.”

Nilimwachia. Darasani nilimuuliza Mwalimu kuhusu ule ukurasa. Aliniuliza kama nimeuelewa, nikamjibu nimeuelewa. “Basi tuendelee,” akasema, na chaki ikamponyoka. Nilidhani ni vumbi la mikononi. Mwaka 2013 matokeo yalitoka: nilikuwa nimefaulu, hisabati ikiwemo. Mwaka 2015 Mwalimu aliugua miguu kwa ugonjwa wa sukari, binti yake akaja kumchukua akaishi naye Ngombezi. Na Alhamisi, tarehe 11 Agosti 2016, mume wangu alifariki dunia, akiwa ameilima robo yake kwa amani kama alivyotaka.

Jumatatu, tarehe 1 Julai 2019, walifika kijijini wapimaji wa kuandaa hati za kimila. Utaratibu ulikuwa huu: majirani wanasimama mpakani, wanakubaliana, wanatia sahihi, na mpaka huo unaingia kwenye hati milele. Nilisimama kwenye safu ya mikonge na shemeji yangu. Mpimaji akanipa fomu na kalamu. Nilifikiri habari za binti zangu wawili, ambao hawakumwahidi mtu yeyote kulima robo. Nikamrudishia kalamu.

Shemeji akashangaa. “Shemeji, kuna nini? Mikonge hii si ndiyo hii tangu enzi za mzee?”

“Mikonge ndiyo hii, shemeji. Nusu ndiyo siyo.”

“Hatua mia kwako, hatua mia kwangu. Nusu nyingine iko wapi?”

Shauri likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, likapangiwa tarehe 25 ya mwezi huohuo. Nilihitaji mtu wa kusimama nami, mtu ambaye wajumbe wangemwamini kuhusu vipimo. Jumapili, tarehe 14 Julai, nilisafiri hadi Korogwe, na kutoka hapo Ngombezi.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, katika safu za nyumba za wafanyakazi, ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mbele yake, ng'ambo ya njia, nyuzi nyeupe za mkonge zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, mstari baada ya mstari. Macho yote mawili sasa yalikuwa yamefifia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nani? Sauti hii ni ya dawati la pili.” Akatabasamu. “Umekuja na daftari, mama?”

“Nimekuja nalo.”

“Basi umekuja kwa ule ukurasa.”

Nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza, nikiwa na maneno yangu tayari tangu kwenye basi. Sikuyatumia. Binti yake alileta uji, akarudi ndani. Mwalimu aliushika mchoro wangu, akapitisha kidole juu ya mstari wa kati niliokuwa nimeukandamiza kwa kalamu.

“Siku ile,” alisema, “wazee walipomaliza kuhesabu, baba mkwe wako aliniuliza mbele ya watu wote: ‘Mwalimu, ni nusu kwa nusu?’ Nilikuwa nimeshika kamba. Nilijua. Jambo hili nililifahamu kabla wewe hujaolewa. Nikamjibu: ‘Mstari umenyooka, mzee.’”

“Na yeye?”

“Akafurahi. Mimi nilikuwa mgeni, nina miezi miwili kijijini, naomba ruhusa ya kufungua darasa la kisomo, na wazee wanasema wanawake watakosa muda wa kupika. Yeye ndiye aliyekuwa na neno. Ningemwambia mbele ya wanawe kwamba hajui kugawa? Wiki iliyofuata alisimama kwenye mkutano akasema mwalimu huyu ni mtu wa heshima, apewe chumba.”

Nilihesabu misimu ya masika tuliyolima kwenye ncha ile: kumi na mmoja. Nilihesabu pia alasiri zangu darasani, nazo zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kujumlisha.

“Mwalimu, ungeniambia baadaye. Hata baada ya mzee kufariki.”

“Ningekuambia ungejua nilikuuza kwa chumba chenye madawati kumi. Nikaruka ukurasa. Nilijidanganya kwamba hutauona.”

“Ulinifundisha kuutafuta.”

“Ndiyo,” alisema. “Hapo ndipo nilipokosea hesabu.” Akacheka kidogo, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Nilichukua upande wa kanga yangu nikampangusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika daftari.

Nilimwambia hana haja ya kuja. Kwamba nitasema mimi, na mchoro utatosha. Nilisema hivyo kwa dhati. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta shahidi, na sasa nilitamani abaki pale kwenye kigoda chake, na jina lake libaki kama lilivyo kijijini. Aliniuliza tarehe na saa.

Alhamisi ile baraza lilikaa katika ofisi ya kijiji, wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na watu wengi dirishani. Shemeji alitangulia kusema, na alisema vizuri. Mwishoni akanigeukia: “Shemeji yangu amesoma, nasi tunajivunia. Lakini amesoma mpaka mashamba yameanza kusinyaa.” Watu wakacheka, na hata mimi nilitaka kucheka.

Nilitoa pembetatu niliyoikata kwenye boksi, yenye umbo la shamba letu, nikaikata mbele yao pale ilipopita mikonge. Kipande cha juu nilimpa shemeji. Cha chini nilikiweka mezani. Kisha nikatoa vipande vingine viwili, vilivyo sawasawa na kile cha juu, nikamwomba vipande vyote vitatu avipange mwenyewe juu ya sehemu yake.

Alikiweka cha kwanza kwenye kona ya kulia. Kikakaa. Cha pili kwenye kona ya kushoto. Kikakaa. Cha tatu alikijaribu katikati, kikakataa.

“Mnaona?” alisema. “Hakiingii.”

“Kigeuze,” akasema mjumbe mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. “Ncha iangalie chini.”

Shemeji alikigeuza. Kikaingia kama kizibo. Shemeji akabaki ameegemea meza, akivitazama vile vipande vitatu chini ya kiganja chake.

“Lakini ilikuwa mia kwa mia,” alisema, si kwa kubisha tena. “Mzee alihesabu. Mwalimu mwenyewe alishika kamba.”

“Nilishika,” sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa amefika kwa bodaboda kutoka stendi, mguu wenye bendeji umenyooshwa pembeni, binti yake akimfuata kwa nyingine. Watu walimpisha. Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye benchi la mbele, na mmoja wao alikuwepo siku ya mgawo. Mwalimu hakuweka mikono nyuma. Alishika meza kwa mkono mmoja, akaamkia baraza, kisha akaeleza yote aliyonieleza Ngombezi, pamoja na swali la baba mkwe na jibu lake yeye, kwa sauti ile iliyokuwa ikifika uwanjani. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, alimgeukia shemeji: “Hukuiba, baba. Ulipewa. Mwenye kosa ni mimi.”

Shemeji aliinua kiganja kutoka kwenye vile vipande. Kisha akauliza: “Sasa mstari unapita wapi, Mwalimu?”

“Kutoka kwenye ncha hadi katikati ya barabara. Kitako kinagawanyika sawa, kimo ni kilekile. Kila mmoja nusu, na kila mmoja barabarani.”

Tulikwenda shambani sote, mpimaji akiwa pamoja nasi, na kazi ilichukua saa mbili. Mwalimu aliketi kando ya barabara kwenye kiti alicholetewa; hakuombwa kunyoosha chochote, wala hakuomba. Tuliporudi ofisini, katibu wa baraza alisoma muhtasari: kwamba wadaawa wamekubaliana, kwamba mpaka mpya umewekwa, na kwamba kosa la awali lilitokea kwa kuwa mpimaji wa wakati huo alikosea vipimo.

“Hapana,” Mwalimu alisema. “Sikukosea vipimo. Andika kwamba alijua.”

Katibu alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akanitazama mimi. “Mama, wewe ndiye mlalamikaji. Wewe ukiridhika na ‘alikosea’, inatosha. Tuandike nini?”

Niliwatazama wanafunzi wenzangu dirishani. Mama Saidi alikuwa akinitikisia kichwa nimwonee huruma. Nilitazama mguu wa Mwalimu uliofungwa bendeji, na uso wake uliokuwa ukingoja jibu langu kama nilivyongoja majibu yake kwa miaka ile yote. Ningeweza kumsitiri kwa neno moja, na nilimpenda kiasi cha kutaka kulisema. Lakini alikuwa amekuja kutoka Ngombezi kwa ajili ya neno lile jingine.

“Andika kama alivyosema,” nikamwambia katibu. “Kisha ongeza kwamba amekuja kulisema mwenyewe, bila kuitwa.”

Katibu akaandika. Mwalimu aliomba aelekezwe pa kutia sahihi, binti yake akamwekea kidole mahali pake, akaandika jina lake lote polepole, bila kutoka nje ya mstari. Shemeji akafuata. Mimi nikatia yangu chini ya zao, siku ya Alhamisi, tarehe 25 Julai 2019, saa nane na dakika ishirini mchana.